Wagenia: Tuwapeleke Watoto Kwenye Majabali, na Tuwaeleze Yaliyotokea Kwenye Mto Huu

Vakansi kubwa inakaribia. Katika nyumba nyingi za Kisangani swali ni lile lile: watoto tutawapeleka wapi? Pesa za safari ndefu hakuna. Watoto wakibaki nyumbani siku nzima, kazi yao itakuwa kugombana uani na kuzunguka barabarani. Wiki hii tunawaletea mahali pa karibu, ambapo toleka inafika, na ambapo wengi wetu tuliozaliwa katika mji huu hatujawahi kusimama kwa saa moja nzima tukaangalia vizuri. Ni maporomoko ya Wagenia.

Wengi tunayajua kwa picha. Picha ya miti ile mikubwa iliyosimama majini tumeiona kwenye kalenda na kwenye vitabu vya shule. Lakini picha haitoi sauti ya maji, na haielezi nani alisimamisha miti ile. Sisi wa chama tulikwenda na watoto wetu, wakubwa kwa wadogo, na tuliporudi tulikubaliana kuandika mambo haya ili kila kikundi cha wamama kiweze kujipangia siku yake.

Mahali penyewe

Wagenia wanakaa katika komini ya Kisangani, upande wa juu wa mji, mahali mto unapoingia. Ukifika kijijini unaanza kusikia maji kabla ya kuyaona. Halafu ardhi inakatika, unajikuta juu ya majabali meusi, na mbele yako mto mzima unashuka ukiwa mweupe kwa povu. Ng'ambo unaona Lubunga.

Watoto wengi hudhani kwamba maporomoko yetu ni haya tu. Ukweli ni kwamba haya ni ya mwisho kati ya saba. Yote saba pamoja yanaitwa maporomoko ya Boyoma, na yamepangana kwenye mto kwa umbali wa kilomita 100 hivi, kuanzia karibu na Ubundu hadi hapa Kisangani. Katika umbali huo mto unashuka karibu mita 60. Kwa hiyo usitafute ukuta mmoja mrefu wa maji. Mto unashuka ngazi kwa ngazi, kama mtu anayeshuka kilima akiwa na mzigo kichwani.

Mto huo unatoka mbali, kusini, katika Katanga. Huko unaitwa Lualaba. Unapita Bukama, Kongolo, karibu na Kasongo, Kindu, halafu Ubundu. Kati ya Ubundu na Kisangani unavuka mstari wa ikweta. Ukishapita maporomoko haya ya saba, jina linabadilika: ndiyo tunaanza kuuita mto Congo. Maji ni yale yale. Mwambie mtoto wa darasa la tano asimame juu ya jabali, aangalie upande wa kushoto na upande wa kulia, na aseme wapi ni Lualaba na wapi ni Congo. Somo la jiografia analolikariri bila kulielewa litamwingia kwa dakika moja.

Hapo pia anaweza kuelewa kwa nini mji wetu uko hapa. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa meli inaweza kuteremka zaidi ya kilomita 1,700 bila kukutana na poromoko. Lakini kwenda juu haiwezi hata kilomita moja. Ndiyo sababu reli ya kwenda Ubundu ilijengwa. Ilimalizika mwaka 1906, ina kilomita 125, na inaanzia ng'ambo ile ya kushoto. Mzigo unaotoka Kindu unateremka kwa meli hadi Ubundu, unapanda treni, halafu unashuka tena mtoni Kisangani. Wamama wanaofanya biashara ya mchele na mafuta ya mawese wanajua vizuri maana ya kupakia na kupakua mara mbili. Sasa waonyeshe watoto majabali yenyewe yaliyoleta taabu hiyo.

Kazi ya migono

Kitu cha kwanza ambacho watoto walikiuliza ni miti. Miti hiyo inasimamaje wakati maji yana nguvu ya kumbeba mtu mzima?

Katika majabali kuna mashimo ambayo maji yenyewe yameyachimba kwa miaka mingi sana. Wagenia wanaingiza miguu ya miti mikubwa katika mashimo hayo, wanaiunganisha kwa juu na miti mingine ya kulala, na wanaifunga kwa kamba za msituni. Hakuna msumari. Kamba ya msituni inavumilia maji, na ikichoka inabadilishwa. Kwenye miti hiyo wananing'iniza migono, yaani vikapu vikubwa vya kuvulia, vipana mdomoni na vyembamba mkiani. Mdomo unaelekea juu, kule maji yanakotoka. Samaki akisukumwa na maji anaingia, maji yanaendelea kumkandamiza hadi mkiani, na hawezi kugeuka.

Asubuhi na jioni wanaume wanapanda juu ya miti, wanashuka kwa kamba na kuvuta migono kuangalia kilichoingia. Tuliwaona vijana wakitembea juu ya mti mmoja mwembamba, chini yao maji yakinguruma, kama sisi tunavyotembea barazani. Hawakuzaliwa wakijua. Mtoto wa Wagenia anaanza na mtumbwi mdogo kando, mahali maji yametulia. Anaangalia. Anabeba kamba. Anafundishwa jabali gani linateleza na maji gani yanazunguka. Miaka inapita kabla hajaruhusiwa kupanda.

Kuna jambo lingine la kuwaonyesha watoto. Mahali pa kuweka migono hapachaguliwi ovyo. Kila sehemu ina wenyewe, na haki hiyo inarithiwa katika ukoo. Kusimamisha miti mipya hakuwezi kufanywa na mtu mmoja: wengine wanakata msituni, wengine wanasafirisha mtoni, wengine wanashikilia, wengine wanafunga. Mto ukijaa na kubomoa kazi, wanaanza tena pamoja. Sisi wamama wa likelemba tunaelewa mpango wa namna hiyo. Asiyekuja siku ya kazi hawezi kudai siku ya mavuno.

Na samaki akishatoka majini, kazi inapita mikononi mwa wanawake. Kumsafisha, kumkausha kwa moshi ili asiharibike, kumfunga, kumbeba hadi sokoni, kukubaliana bei, kurudi na pesa ya karo na ya dawa: hayo hayamo katika picha ya kalenda. Watalii wanapiga picha miti na wanaondoka. Tuliwaomba watoto wetu wa kike waketi na wamama wa Wagenia na waulize maswali yao. Walirudi wakijua samaki anakauka kwa muda gani, kuni zipi zinatoa moshi mzuri, na kwa nini siku ya mvua ni siku ya hasara. Mmoja aliyekuwa anasema hesabu hazina faida alikuwa amehesabu faida ya kikapu kizima.

Majina ya mahali

Watoto wetu wakubwa walikuwa wamesoma kwamba maporomoko haya yaligunduliwa na Stanley. Hapo ndipo sisi walimu tuna kazi. Mtu hawezi kugundua mahali ambapo amekuta watu wanavua samaki.

Mambo yalikuwa hivi. Henry Morton Stanley alitoka Zanzibar mwaka 1874 na msafara mkubwa. Wengi katika msafara huo walikuwa Wangwana, watu wa Zanzibar na pwani, na ndani yao walikuwemo pia wanawake na watoto. Mwishoni mwa mwaka 1876 waliondoka Nyangwe kufuata mto, na mwezi wa Januari 1877 walifika kwenye maporomoko saba. Hawakuweza kuteremka kwa maji. Walikata njia msituni na kuburuta mitumbwi yao mizito juu ya nchi kavu, poromoko moja baada ya jingine, huku wakipigana na wenyeji ambao hawakujua wageni hao wanatafuta nini. Wazungu watatu waliotoka na Stanley walikufa wote kabla ya safari kwisha. Wangwana wengi sana walikufa pia, lakini majina yao watoto wetu hawayasomi.

Baada ya hapo maporomoko yaliitwa kwa jina la Stanley, na mji ukaitwa Stanleyville. Mwaka 1966 mji ulipewa rasmi jina la Kisangani. Wazee wengi hueleza kwamba maana yake ni mahali pa kisiwa. Boyoma nalo limebaki kuwa jina tunalojivunia. Waambieni watoto majina yote matatu, na nani alitoa lipi. Mtoto akijua hivyo, siku moja akikutana na kitabu kinachosema kwamba hapa hapakuwa na watu, ataweza kujibu mwenyewe.

Swali la mtoto

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii. Tulikuwa tumekaa kwenye majabali, tunakula lituma na samaki. Tulikuwa tumewaeleza watoto habari za Tippu Tip. Mtu huyo, jina lake Hamed bin Muhammed, alikuwa mfanyabiashara wa Zanzibar. Alikusanya pembe za ndovu na watumwa katika nchi yote ya Maniema hadi hapa. Mwaka 1887 mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji alikubaliana naye awe mkubwa wa serikali hapa hapa kwenye maporomoko. Baadaye vita vikaja kati ya watu wa Leopold na wafanyabiashara hao, kuanzia mwaka 1892 hadi 1894, na waliobaki chini ya Leopold walikuta mzigo mwingine, wa mpira wa msituni.

Msichana mmoja wa miaka kumi na moja akauliza: "Mwalimu, hao waliokamata watu walikuwa wanasema lugha gani?"

Tukamjibu kwamba walisema Kiswahili.

"Kiswahili hiki chetu?"

Ndiyo, hiki chetu. Kiswahili cha mashariki ya Congo kilifika kwa njia ya misafara. Halafu akauliza tena: "Basi sisi ni watoto wa waliouza au wa waliouzwa?"

Wamama walinyamaza. Mmoja alitaka kumwambia mtoto ale chakula chake. Lakini mama mwingine, anayeuza sokoni kwa miaka mingi, alimvuta msichana karibu na kumwambia taratibu: katika koo zetu wamo wote wawili, na wamo pia waliokimbilia msituni, na waliowaficha wengine. Na lugha, akasema, ni kama sufuria. Mwizi anaweza kupikia ndani yake, na mama anaweza kupikia watoto wake.

Sisi tuliosomea ualimu tusingeweza kujibu vizuri zaidi. Tuliongeza jambo moja tu, na tunaliandika hapa kwa sababu linawahusu wamama wote wanaokwenda sokoni.

Juu ya mto huu huu, katika Maniema, ndiko iliko Nyangwe. Zamani palikuwa na soko kubwa ukingoni. Waliokuja kuuza na kununua walikuwa hasa wanawake, na walileta samaki, mihogo, vyungu, mafuta. Tarehe 15 Julai 1871 David Livingstone, mmisionari wa Uskoti, alikuwepo sokoni. Watu wa wafanyabiashara wa watumwa walianza kupiga bunduki katikati ya soko. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, wengi wakachukuliwa na maji. Livingstone aliandika kwamba sokoni walikuwa watu kama 1,500, na kwamba waliokufa walihesabiwa kati ya 300 na 400. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliwashtua watu, na ikaongeza nguvu ya wale waliotaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali kufunga soko la watumwa.

Wanawake wale hawakuwa wanajeshi. Walikuwa wamebeba bidhaa zao kama tunavyobeba zetu. Katika biashara ile ya bara, wengi waliokamatwa walikuwa wanawake na watoto, na mara nyingi ndugu zao walilazimishwa kuwakomboa kwa pembe za ndovu. Maji yaliyowachukua wamama wa Nyangwe yalipita kwenye majabali haya. Tukisimama hapa bila kuwakumbuka, tumeangalia povu tu.

Baadhi ya wamama wanauliza kama ni vizuri kumwambia mtoto mambo mazito hivyo siku ya kutembea. Jibu letu ni kwamba mtoto husikia mengi kuliko tunavyofikiri. Katika mji huu watu wazima wengi wanakumbuka siku sita za mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana katikati yetu. Watoto wanatuona tunanyamaza, na kimya chetu kinawaogopesha kuliko maneno. Kuna njia ya kusema. Kwa mtoto wa miaka sita, sema kwamba zamani watu wabaya waliwachukua watu kwa nguvu, na jambo hilo lilikomeshwa. Kwa mwenye miaka kumi, sema wapi, lini na nani, bila kueleza majeraha. Kwa kijana, mwache aulize yote, na mjibu kwa ukweli. Usiseme kabila fulani ndilo baya, wala dini fulani. Sema kazi yenyewe ilikuwa mbaya, na waliofaidika walikuwa wa rangi nyingi. Na kila mara malizia na watu waliokataa, waliojificha, waliojenga tena. Wagenia wako mbele ya macho yao: misafara ilipita, serikali ya Leopold ilipita, vita vilipita, na asubuhi bado wanapanda juu ya miti.

Kujitayarisha

Sasa tuje kwenye mambo ya safari. Maji ya Wagenia hayana mchezo, kwa hiyo tunaomba kila kikundi kifuate haya.

Nendeni asubuhi mapema au jioni kabla ya giza, wakati wavuvi wanapoangalia migono. Saa za mchana jua ni kali na kazi imesimama.

Mtu mzima mmoja asiwe na watoto zaidi ya watano. Wadogo washikwe mkono muda wote wanapokuwa kwenye majabali. Jabali lenye maji au lenye ukijani linateleza kama sabuni, kwa hiyo viatu viwe vya kukamata, si kandambili.

Mtoto asipande kwenye miti ya wavuvi, hata akiitwa. Asiingie majini kuoga, hata pale maji yanapoonekana yametulia, kwa sababu chini yanazunguka. Mtumbwi, kama mnautaka, uwe wa Wagenia wenyewe na uendeshwe na mtu mzima wao. Usizidi watu anaosema. Akisema leo hapana, ni hapana. Ikiwa mvua imenyesha sana au mto umejaa, angalieni kutoka mbali na mrudi siku nyingine.

Mkifika, salimieni kwanza wakubwa wa kijiji, mjieleze ninyi ni nani na mmekuja na watoto wangapi. Kuna pesa ya kutoa kwa wageni. Mkubaliane mwanzoni, na mtu mmoja wa kikundi, mhazini kwa mfano, aitoe mbele ya wote. Hapo hakutakuwa na maneno wakati wa kuondoka. Bei ya toleka au moto nayo mkubaliane kabla ya kupanda, kwenda na kurudi. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha mtu. Bebeni maji ya kunywa na chakula, na takataka zenu mrudi nazo. Samaki mnunue pale pale kwa wamama: ni wabichi, na pesa inabaki kwa waliofanya kazi.

Kazi ya nyumbani

Kutembea bila kuzungumza baadaye ni sawa na kusoma bila daftari. Jioni, kabla ya kulala, mama au baba anaweza kuuliza maswali haya, na mtoto ajibu kwa maneno au kwa mchoro:

Mto wetu unaitwaje kabla ya maporomoko, na baada yake?
Miti inasimamaje majini bila msumari?
Kwa nini mdomo wa mgono unaelekea juu?
Samaki anapita mikononi mwa watu wangapi kabla ya kufika sahanini?
Mji wetu umekuwa na majina gani, na nani aliyatoa?
Katika ukoo wetu, bibi na babu walifikaje hapa?

Swali la mwisho ni la wazazi pia. Kama bibi bado yuko, mpelekeni mtoto kwake na daftari. Aandike jina la kijiji alikotoka, mto aliovuka, lugha aliyosema kabla ya Kiswahili. Wazee wanatuacha kila mwaka, na hakuna kitabu kilichoandika habari zao.

Vikundi vitakavyokwenda, tunawaomba mtuletee michoro na majibu ya watoto kwenye mkutano wa chama. Tutayabandika ukutani ili wamama wasioweza kusafiri wayaone.